Kiti Upande wa Daktari

Juzi nilikuwa kwenye foleni ya kliniki moja pale Gisimenti, mlango wa daktari ukiwa wazi. Mama mmoja fundi cherehani, futi ingali shingoni, aliingia, akashika kiti cha wagonjwa na kukiburuta kuzunguka meza hadi ubavuni mwa daktari mpya, kijana aliyekuwa akiandika kwenye kompyuta.

"Mama, kiti iko ule upande," kijana akasema.

"Najua, muganga. Lakini daktari wetu mzee aliyestaafu alikuwa anatukalisha hapa karibu. Hapa hata kitu ya aibu unaweza kusema."

Kwenye foleni tukatabasamu, maana wengi wetu tuliwahi kukaa hapo, magoti yetu yakikaribia kugusa ya mzee. Alikuwa akikushika mkono kwanza, halafu anauliza, "Nyumbani unalala vizuri?" Ugonjwa mtauzungumza baadaye.

Kijana akasita. Akasukuma kompyuta pembeni, akainuka, akaja kufunga mlango.

Zamu yangu ilipofika, kiti kilikuwa bado ubavuni mwake. Kikohozi changu kilikuwa kimeshatulia pale pale kwenye foleni. Nikakohoa hivyo hivyo, nikakaa.