Bahasha Tuliyokwenda Nayo Mjini

Mtu akinambia hoteli za mjini ziko tele, wewe tu kuchagua, humtazama usoni nione kama ananicheka. Tele kwa nani? Mie nimechagua hoteli Mji Mkongwe kwa miguu yangu, toka adhuhuri mpaka karibu na magharibi, na waliofanya iwe vile nawajua. Nitawasema wote. Majina yao nawaachia wenyewe.

Mie mtu wa Makunduchi. Nilikuwa mkulima wa mwani mpaka nilipokatwa titi la kushoto, na tangu hapo mkono wa upande ule haubebi gunia bichi. Nimepona, ndivyo wanavyosema. Lakini kupona kwenyewe kuna masharti yake. Kila baada ya miezi mitatu huja daktari mmoja kutoka bara, hospitali ya mjini, siku moja tu, anatutazama sie tuliokatwa kama ugonjwa umerudi. Namba za kumwona hugaiwa mlangoni baada ya sala ya alfajiri, na zikisha zimekwisha. Safari moja nilitoka kwetu na gari ya mwanzo kabisa, nikakuta mgaji namba anakunja karatasi yake. Nikarudi Makunduchi na uvimbe kwapani, uvimbe ambao hakuna aliyenambia ni wa nini. Miezi mitatu nikawa naushika kila nikioga. Nausema vizuri mfahamu: miezi mitatu.

Basi safari iliyofuata nikaapa silali kwetu. Nitalala mjini, karibu na kituo cha gari, pahala ambapo hospitali naifikia kwa miguu.

Wa mwanzo wa kulaumiwa ni shemeji yangu, mdogo wake mume wangu. Ana nyumba Mbweni, vyumba vitano. Harusi yake mie ndiye niliyesimama jikoni siku tatu. Mume wangu akampigia simu, na mie nasikia.

"Kaka, ningekupokeeni kwa mikono miwili, lakini nyumba inapakwa rangi. Na huku alfajiri gari mtapata wapi? Hoteli ziko tele mjini, tafuteni moja karibu na kituo."

Rangi! Vyumba vile kakodisha watalii, Unguja nzima inajua isipokuwa kaka yake.

Wa pili ni mume wangu. Jirani yetu alituonya mapema: "Bi, mkenda kulala gesti mume na mke, bebeni cheti cha ndoa. Mzungu haulizwi. Nyie mtaulizwa." Nikaona maneno ya maana. Siku ya kuondoka nilikuwa nakunja nguo, nikamwambia mume wangu, "Hebu fungua kasha, mna bahasha ya kaki, itie mkobani." Akaitia. Yeye hakuifungua, na mie sikuifungua. Hapo na mie nimo, sijitoi.

Hoteli ya kwanza ilikuwa Shangani. Kijana wa mapokezi ana tai na kiyoyozi kinampuliza.

"Bei ya mwenyeji ipi?" nikamuuliza.

"Bei moja tu, mama. Kwa dola."

"Dola mie nizivue wapi, pwani?"

Hakucheka. Mume wangu akanivuta ukaya niliojitanda kichwani.

Ya pili ilikuwa Darajani, magari yanapakia mlangoni pake, na bei tuliiweza. Tukapanda ngazi kutazama chumba. Mlango una tundu pale palipokuwa na kitasa, na ndani msumari umepindwa.

"Mlango huu unafungwa na nini?" nikauliza.

"Na imani, bi mkubwa," akajibu mwenye funguo, na mwenyewe akajichekea.

Mume wangu akasema, "Si tuko wawili? Nani atatuibia?"

"Wewe ukilala unakoroma kama mashine ya unga. Watakubeba na kitanda chako na hutajua."

Tukashuka. Mguu wangu ushavimba, jua lishapinda, na yeye kila hatua anasema nachagua mno. Nichague mno! Mtu anayelala peke yake na uvimbe wake ndiye anayejua anataka mlango gani.

Ya tatu tuliipata Mkunazini, ndani ya uchochoro. Hospitali si mbali, kituo cha Darajani unakisikia. Mwenyewe bibi wa Kihindi, mzaliwa wa mtaa uleule, Kiswahili chake kimenyooka kuliko changu. Tukamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akatuonyesha chumba cha chini. Safi. Choo chake ndani. Dirisha juu, na mlangoni komeo la chuma la upande wa ndani. Nikalifunga na kulifungua mara mbili. Nikakaa kitandani, mgongo ukalegea.

"Hapa," nikasema.

"Haya, nipeni cheti," akasema bibi.

Mume wangu akatoa bahasha kwa madaha, kama mtu aliyejiandaa. Bibi akavaa miwani, akasoma. Akanitazama mie, akamtazama yeye, akasoma tena.

"Bi, mumeo nani?"

"Si ndiye huyu hapa?"

"Karatasi hii inasema huyu kakuacha."

Ilikuwa ile talaka. Zamani, kwa ugomvi wa mamake, mume wangu aliniandikia talaka moja kwenye karatasi ya daftari, mashahidi wawili wakatia saini. Eda haijesha, akanirejea, kwa mdomo, mbele ya ami yake. Basi. Kwetu kuacha huandikwa, kurejea husemwa tu, na hakuna anayekumbuka kuandika. Karatasi ile mie niliiweka, na cheti cha ndoa nikakiweka, bahasha mbili za kaki, kasha moja.

"Nilimrejea!" mume wangu akasema. "Ndani ya eda! Muulize mwenyewe!"

"Baba, mie wakija kunikagua hapa nitatoa karatasi, si masimulizi."

"Tuna watoto wanne!"

"Hata wasio na cheti huzaa."

Mume wangu akapanda moto. "Twende zetu! Hatukuja kudhalilishwa. Tunarudi Makunduchi, kesho tutatoka mapema."

Mapema ipi? Mapema ile niliyoikuta mara ya kwanza? Mkono wangu wenyewe ukaenda kwapani.

"Bibi," nikasema, "na mwanamke peke yake?"

"Kwa kitambulisho chako tu."

"Na mie?" akauliza mume wangu.

"Wewe una ndugu Mbweni," nikamjibu mie.

"Nyumba inapakwa rangi!"

"Basi kalale na rangi."

Akanitazama utadhani mie ndiye niliyeandika talaka. Akaondoka na mkoba wote, sabuni yangu na kanga yangu ya kubadili zimo ndani. Bibi akanipa kipande cha sabuni bila ya kuniuliza kitu.

Alfajiri nilitoka kwa miguu. Namba yangu ilikuwa ya nne. Daktari aliushika ule uvimbe, akatia sindano, akavuta maji, akayapeleka kupimwa. Majibu yalikuja baadaye, salama. Lakini siku ile niliingia mle ndani peke yangu na nikatoka peke yangu, na sisahau.

Mume wangu alifika nishamaliza, macho mekundu. Kumbe kalazwa barazani kwa mdogo wake, kando ya viatu vya watalii.

"Rangi imependeza?" nikamuuliza.

Akanitangulia mpaka kituoni, tukapata gari. Halafu akasema, "Safari ijayo tutabeba cheti chenyewe."

Cheti kipo. Nilifungua kasha siku ileile, nikakiona, nikakirudisha chini ya kanga. Safari ilipofika nikampigia simu yule bibi wa Mkunazini.

"Wangapi?" akaniuliza.

"Mmoja," nikasema. "Chumba kilekile, chenye komeo."