Nusu ya Mawe Manane

Mwanangu, asubuhi moja ya miaka ya Zaïre naikumbuka, na hata leo nikiisimulia miguu yangu haitulii. Nilikuwa mwalimu mpya wa darasa la kwanza hapa Goma, na siku hiyo baba yake Furaha, mwanafunzi wangu, alikuwa ameketi nyuma ya darasa, kofia magotini.

"Citoyenne," alikuwa ameniambia mlangoni, kwani enzi zile sote tuliitwa raia, "akishindwa tena hesabu, leo namurudisha Masisi. Ngombe ziko zinamungoja."

Nilimpenda mtoto yule, nikaogopa. Nikamwagia mezani mawe manane ya volkano, yale tunayoyakanyaga kila siku, nikamwambia ayagawe nusu kwa nusu. Akayapima kiganjani, akayahamisha, akayarudisha. Mimi natembea, nakuna shingo, namtazama baba mtu. Mwishowe akaweka matatu huku, matano kule.

"Hapana!" Nikamshika mkono ili niyasogeze mwenyewe. Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi. Mimi nilikuwa karibu kumvunja.

Mama Vumilia, mwalimu mzee wa darasa la jirani, alisikia sauti yangu akaingia.

"Kalia mikono yako, binti," akaniambia.

Nikaikalia kweli, mwanangu, mbele ya wanafunzi wote. Kisha akamgeukia Furaha. "Mutoto, juu ya nini tatu huku na tano kule?"

"Ile mawe tatu ni makubwa, mama. Kwetu mwenye kugawa anachagua nyuma, wa mwisho. Nikigawa mubaya, mimi njo nitapata kidogo."

"Ni vile," baba yake akasema taratibu. "Mama yake alimufundisha na viazi."

Mama Vumilia akaleta maharagwe manane yaliyolingana. Furaha akaanza: moja huku, moja kule. Mikono yangu ilinichoma pale nilipoikalia, nikitamani kumsaidia. Yakawa manne kwa manne.

Baba akavaa kofia. "Abaki. Ngombe nitachunga mimi mwenyewe."

Sasa wewe unakwenda kufundisha watoto wa kule Mugunga, na haraka yako naijua, ni yangu ile ile. Ukitaka mtoto aijue nusu, mpe vitu vinavyolingana, avishike mwenyewe. Akikosea, muulize ameona nini kabla hujamsahihisha. Kuuliza si ujinga. Mikono ikikuwasha, ikalie.

Nenda, Mungu akujalie subira niliyoikosa mimi, na watoto wako wagawane kwa haki hata siku usipowatazama.