Dakika kumi na nne za damu ya Yasmina

Saa mbili na robo asubuhi, Lucienne Masengo anamfunga mtoto wa miaka minne mkanda wa kupimia presha juu ya kiwiko, anamchanja kidogo mkononi, kisha anabonyeza saa. Kila nusu dakika anagusisha karatasi ya kunyonya kwenye tone la damu. Dakika ya sita karatasi inabaki nyeupe, naye anacheka.

"Huyu aende. Damu yake inajua kazi."

Lucienne, 51, binti wa dereva wa treni, ni mpimaji wa maabara katika hospitali moja mjini Kamina. Leo hakuna mtoto anayetoka hapa kwenda Lubumbashi kupasuliwa moyo bila kupita mikononi mwake. Nafasi hiyo hakupewa. Aliichukua kwa ubishi.

Ilikuwa Julai, mwaka juzi. Madaktari wa moyo kutoka nje walikuwa wamefika Lubumbashi kwa wiki mbili. Yasmina, mwenye miaka sita, binti wa Sefu, muuza vitenge, alipata nafasi. Alikuwa na tundu moyoni. Akitembea hatua chache, anachuchumaa apumue. Treni ilikuwa iondoke kesho yake. Ilibaki karatasi moja, ya majibu ya damu.

Chembe sahani, zile zinazoziba jeraha, zilikuwa 240,000. Idadi nzuri. Lakini Lucienne aliona madoa ya bluu mapajani mwa mtoto, akamchanja. Damu ilitoka dakika kumi na nne. Kawaida haipiti nane.

"Plaquettes ilikuwa mingi, lakini haitumike," anasema, akizitaja chembe sahani kwa Kifaransa. "Sawa bantu mia ku chantier, kwenye banajenga nyumba, bote banalala."

Daktari Jérémy Kaumba wa wodi ya watoto alimtaka aandike idadi tu, asaini. Lubumbashi hawakuwa wameomba kipimo kingine.

"Nilimwambia: Docteur, kule batafungua kifua, batapitisha damu ku mashine, na ile mashine nayo inachosha plaquettes. Huyu mutoto atatoka damu mpaka wapi? Minyi mwenyewe sisaini."

Sefu alimfuata hadi dirisha la maabara.

"Nilimutukana," anakiri Sefu. "Nilisema: Mama, weye njo mwenye unaua mutoto yangu. Treni ikaenda bila sisi."

Jioni hiyo Lucienne alivua koti lake jeupe akaenda nyumbani kwa Sefu bila kualikwa. Alimwomba bibi wa mtoto, Mama Fadhila, amtolee kila dawa anayomeza Yasmina. Ndani ya kopo la maziwa mlikuwa na aspirini. Kwa miezi miwili bibi alimpa nusu kidonge kila asubuhi, kifua kisimuume.

Aspirini huzilemaza chembe sahani, na mwili huhitaji siku saba hadi kumi kutengeneza mpya. Mama Fadhila alipoelewa, alilia. Lucienne akakaa naye mkekani.

"Nilimwambia: Mama, hakuna mutu alikwambia. Sasa tunajua."

Kesho yake, aspirini ikiwa imeachwa, alianza kupiga simu Lubumbashi. Aliomba jina la Yasmina lishushwe hadi mwisho wa orodha, ili damu yake ipate siku za kupona. Wakakataa. Akapiga tena, akawasomea namba zake. Wakamwambia hiyo si kazi ya mpimaji. Akapiga tena. Siku ya nne daktari wa usingizi akakubali.

Kila baada ya siku tatu alimchanja mtoto: dakika kumi na moja, tisa, sita na nusu. Hapo akasaini. Yasmina akasafirishwa kwa ndege ndogo, akapasuliwa siku ya mwisho kabisa. Baada ya upasuaji, mrija wa kifuani ulitoa damu kidogo tu.

Leo Yasmina anaruka kamba. "Nikimuona Mama Lucienne mu njia," anasema Sefu, "minyi njo wa kwanza kusalimia."

Tangu hapo Lucienne amepima watoto kumi na mmoja. Wawili aliwazuia, nao baadaye walipasuliwa salama. Daktari Kaumba sasa huwaleta mwenyewe. Mashine ya kupima kazi ya chembe sahani ingali ndoto. Karatasi za kunyonya Lucienne anazikata kwa mkono.

Wiki ijayo anapanda treni kwenda Luena kuwafundisha wapimaji wawili. Mkuu wa maabara amemnyima ruhusa mara mbili.

"Luena pia iko batoto ba moyo," anasema, akifunga begi lake tayari. "Niliomba ya kwanza, niliomba ya pili. Ya tatu siombe. Bakinitafuta, baulize Luena."