Maji Chini ya Koti

Kama na wewe umekuja kunicheka, kaa hapo, cheka umalize, maana mimi mwenyewe nikiikumbuka siku ile huanza kwa kucheka, kisha namalizia kwa kulia. Ndiyo, ni mimi. Ni mimi yule mtu wa Baraka aliyemwaga maji kaburini, na si tone wala kikombe, ni mfuko mzima, juu ya jeneza la mama aliyenilea, mbele ya pasta na kwaya na kijiji kizima. Ningeweza kusema ni uongo wa watu, lakini walioona ni wengi mno.

Kazi yangu ni kushona mabegi na kubadilisha zipu sokoni Baraka, mji wetu wa kando ya ziwa. Mama mkubwa Feza, dada yake mama yangu, ndiye aliyenichukua mama alipofariki, akanilea kwa kichwa chake, nasema kichwa kwa sababu juu ya kichwa hicho alipandisha ndagala wakavu, hao dagaa wetu, na chumvi na sabuni kutoka huku ziwani mpaka vijiji vya juu ya Fizi, mkono mmoja umeshika mzigo, mwingine umeshika fimbo kwa ajili ya goti lake bovu. Shida yake ilikuwa kunywa. Akitaka kunywa lazima atue mzigo, na akishautua hana wa kumtwika tena, basi alivumilia kiu toka anaanza kupanda mpaka anafika. Siku moja akaniambia:

"Wilondja, we iko fundi ya mifuko. Unifanyie kitu nikunywe bila kutua muzigo."

Nikaona ni jambo dogo (mimi kila jambo naliona dogo, ndiyo maana mambo yananipata). Nikachukua nailo nene ile ya kufunikia meza, nikaikata vipande viwili, nikaviunganisha kingo kwa pasi ya makaa, na karatasi juu yake ili nailo isinate kwenye chuma. Ukavuja. Nikagundua kwamba pembe kali ndipo maji yanapoanzia kupasua, nikazikata mviringo. Ukavuja tena, safari hii kwenye shina la mrija. Mrija wenyewe ulikuwa ule wa serum, wa kumtundikia mgonjwa maji, niliununua farmasia pamoja na kigurudumu chake cha kuufinya, unapita juu ya bega mpaka karibu na mdomo, unavuta tu. Na yeye alikuwa na sharti moja, hakutaka kulisikia lingine.

"Mukono iingie ndani, niioshe. Kitu ya maji yenye mukono haiingie, itaoza."

Kwa hiyo nikauwekea mdomo mpana juu, nikachonga kizibo kutoka kwenye kandambili la zamani, nikakikaza kwa ukanda wa mpira wa baiskeli. Kila akipita na mzigo wake ananiuliza kama uko tayari, nami namwambia bado kidogo, mama, bado kidogo tu. Anacheka. "Nitapanda nayo kwetu, batu bashangae."

Kisha homa ikamshika, na haikumwachia. Mshono wa mwisho niliuchoma huku seremala jirani yangu anapigilia misumari ya jeneza lake, na nililia juu ya pasi mpaka makaa yakafifia.

Hapo ndipo nilipofanya uamuzi wangu wa kijinga. Kwao ni kijiji cha juu ya Fizi, na huko ndiko tulikokuwa tunampeleka kumzika; alisema atapanda nao kwao, basi atapanda nao. Sikumwambia mtu. Niliujaza maji, nikauvaa mgongoni, nikavaa koti juu yake (koti la harusi ya rafiki yangu, lilikuwa linanibana hata bila mfuko), nikawa mtu mwenye kibyongo ambaye jana hakuwa nacho. Watu waliniangalia, lakini msibani nani anauliza mavazi?

Gari lilitufikisha Fizi, kutoka hapo jeneza likapanda mabegani mwa vijana, sisi nyuma. Ndipo mfuko ulipoanza kuongea. Chobwe, chobwe, kila hatua, maana ndani mlikuwa na hewa na maji yakipata nafasi yanacheza. Kwaya ikiimba hausikiki, kwaya ikipumzika unasikika peke yake. Nyuma yangu alikuwa Mama Zaina, mfanyabiashara mwenza wa marehemu, mwislamu wa kwetu kando ya ziwa, aliyepanda njia ile pamoja naye miaka na miaka. Akanisogelea kwa huruma.

"Wilondja, tumbo yako inalia sana. Haukukula?"

"Ni huzuni, mama," nikasema.

Tulipofika kijitoni nikajifanya naenda haja, nikajificha, nikaujaza mfuko mpaka shingoni ili hewa yote itoke. Kweli, ulinyamaza. Kizibo kiliingia kwa shida, ule mpira ukavutika mpaka ukabadilika rangi, lakini nilichotaka mimi ni kimya, na kimya nimekipata.

Kaburini pasta aliomba, kisha akatuita ndugu, kila mmoja arushe udongo. Nilikuwa nimepanga maneno yangu. Nilitaka kumwambia, mama, umefika, na mfuko wako huu hapa. Nikainama kuchota udongo, koti likabana mfuko, mfuko ukasukuma kizibo, kikafyatuka kama kifuniko cha bia, na maji yote yakapita juu ya kichwa changu, baridi, yakaenda moja kwa moja kwenye jeneza. Kizibo nacho kilianguka juu ya ubao, karibu na msalaba. Nilishtuka, nikataka kusimama, nikateleza kwenye tope nililolitengeneza mwenyewe, nikakaa chini, miguu inaning'inia kaburini.

Hakuna aliyecheka. Ingekuwa afadhali wangecheka. Mjomba wangu, ndugu wa marehemu, alinishika ukosi akanivuta.

"Ni dawa gani hii unamwangia dada yangu? Vua koti!"

Nikavua. Nikabaki pale mbele ya bamama waliokuwa wanalia, nimelowa, mfuko umesinyaa mgongoni, mrija wa serum shingoni kama mgonjwa aliyetoroka hospitali. Nilijaribu kueleza, nikatoa neno moja tu, "Aliniomba," kisha nikalia kwa namna ambayo sikuwa nimelia tangu utoto. Niliwaza, mtu aliyenibeba mimi maisha yake yote, nami nimemharibia hata kuzikwa.

Mama Zaina akapita katikati ya watu. Aliushika mrija, akautazama, akakizungusha kile kigurudumu kwa kidole, na nikaona amejua ni kitu gani.

"Mumuache," akasema. "Haiko dawa. Feza alinielezaka juu ya hii kitu kila siku mu njia. Mi nilipanda naye huu mulima, hakuna siku alifika bila kiu. Na kwetu, muntu akizikwa, tunamwangia kaburi maji. Mutoto wake amemwangia. Amekunywa, njo basi, imeisha."

Mjomba aliniachia, akageuka kutazama bonde, akajifuta macho. Kwaya ikaanza wimbo. Walimzika na maji yake, na kizibo cha kandambili pia, maana hakuna aliyethubutu kushuka kukichukua.

Sasa ninatengenezea bamama wa barabara ile mifuko mingine. Mdomo bado ni mpana, mkono unaingia, lakini mdomo huo unakunjwa mara mbili na kubanwa na kijiti cha mwanzi, na kila mmoja naujaribu kwa kuuvaa na kuinama uani, hata wapita njia wanadhani nasali. Msibani naenda mikono mitupu, na kabla ya kuinama najipapasa mgongo. Ule wa kwanza umening'inia ukutani dukani, mtupu, hauna kizibo. Wateja huniuliza bei yake, nami nawaambia hauuzwi, una mwenyewe, na mwenyewe ameshakunywa.