Masikio Mawili Juu ya Maji

Niliyaona masikio, mwanangu unayenisoma. Haya, nimesema. Kwa miaka yote ambayo watu wameniuliza kuhusu siku ile mtoni, nimejibu kwamba nilikuwa nikitazama ndege tu, na ukiniuliza mbele ya watu wa kanisa pengine ningejibu hivyo hivyo leo. Lakini niliyaona. Masikio mawili madogo ya mviringo, yakitikisika juu ya maji kana kwamba yanafukuza nzi.

Siku yenyewe naikumbuka kwa harufu ya matope, kabla ya kitu kingine chochote. Nilikuwa nimemaliza chuo kikuu, nina digrii na sina kazi, hali ambayo nyumbani kwetu Machakos iliitwa "kupumzika." Ili nisipumzike kupita kiasi, nilijiunga na kikundi cha watazama ndege cha Mwalimu Ndinda, mama mstaafu aliyefundisha nusu ya mji wetu kusoma na nusu nyingine kunyamaza. Tulizunguka kwingi, kuanzia nyika za Konza hadi vichaka vya Yatta. Watu wa Kyumbi walipotukuta kando ya barabara tumeinua shingo, nao waliinua zao, wakakosa cha kuona, wakatusikitikia na kuendelea kuuza nyanya.

Kikundi kilikuwa na sheria moja iliyozidi nyingine zote. Ndege akishaonekana, hakuna kusema neno wala kunyoosha kidole mpaka aruke kwa hiari yake. Mwalimu alikuwa akiinua kiganja, na hapo hata kikohozi ulikimeza. Aliyevunja sheria hiyo aliitwa Redio. Unaweza kucheka, lakini jina hilo lilikuwa linashika. Mama Shiro, mfanyabiashara wa Matuu aliyekuwa na duka la mabati na misumari, alikuwa ameitwa Redio tangu siku yake ya kwanza, na wateja wake walikuwa wameanza kumwita hivyo pia. Mimi niliwahi kupiga chafya mbele ya tai, na nilisamehewa kwa sharti kwamba isitokee tena.

Siku hiyo tulikwenda Masinga, kule juu ambako mto Tana unaingia bwawani na kutulia. Mwendesha mashua alikuwa binamu yangu Kioko, mtoto wa mama mdogo. Alikuwa amekulia kando ya maji hayo, kijana mwembamba mwenye miguu mirefu ambaye hakuwahi kutembea kama angeweza kukimbia. Aliniita Profesa, na hakuwa akinisifu.

"Profesa, ukianguka humu utaelea na hizo vitabu zako?"

"Nitakushika wewe."

"Basi tumekufa wawili."

Sikuwa najua kuogelea. Tangu mashua ilipoachana na ufuko nilikuwa nikitabasamu, na sikuacha kutabasamu, kwa maana niliogopa kwamba nikiacha nitalia. Maji yalikuwa ya rangi ya chai ya maziwa, na ukitia mkono huoni vidole. Jaketi za kuelea tulikuwa nazo. Mama Shiro alikuwa amezikalia.

"Kwani hapa hakuna viboko?" akauliza, huku akijimiminia uji kutoka kwenye chupa yake.

"Wako kule chini, kwa maji mengi," Mwalimu alisema. "Na wewe ukiendelea na hiyo sauti watakuja kukuuliza bei ya misumari."

Sote tulicheka. Nilicheka kuliko wote, nikiwa nimeshikilia ubao wa mashua kwa mikono yote miwili.

Ndipo Mwalimu akainua kiganja.

Mbele yetu, mahali matete yanapoishia, alikuwa amesimama korongo mdogo wa rangi ya wingu, wale wanaokuja na mvua na kuondoka kabla hujajua kama walikuja. Mwalimu alikuwa amemtafuta kwa miaka. Ndege alisimama juu ya jiwe jeusi lililochomoza kidogo majini, ametulia kabisa. Kioko akapunguza kupiga kasia. Tukamsogelea polepole, kimya, maji yakilamba ubavu wa mashua.

Mwanangu, darubini ni chombo cha ajabu. Inakuletea jicho la ndege mpaka uone wekundu wake, na dunia nyingine yote inaifuta. Nililiona jicho. Niliona michirizi ya kifua. Kisha mashua ikayumba, darubini ikashuka kidogo, nikaona miguu yake ya manjano. Na kando ya miguu, jiwe likatikisa masikio.

Sitasema sikuelewa nilichokiona. Nilielewa mara moja, hata kabla ya kupumua. Lakini kichwa changu kilichosomeshwa kwa ng'ombe wa baba kikaanza kufanya kazi yake. Kama ni kiboko, kilisema, Kioko angekwisha kujua, yeye ni mtu wa mto. Mwalimu ana darubini kubwa kuliko yako, na bado ameinua kiganja. Na kama ni jiwe, utakuwa umemfukuza ndege aliyetafutwa miaka yote hiyo, na utaitwa Redio mpaka siku ya harusi yako. Kwa hiyo nikanyamaza. Darubini sikuitoa machoni. Nilijua kwamba nikiitoa nitaona tulivyokaribia.

Ukimya ule bado nausikia. Wakati mwingine niko jikoni, friji inazima, nyumba inatulia, na mara natafuta kitu cha kushika.

Korongo aliruka kwa hiari yake, kama sheria ilivyotaka. Nilimsikia Mwalimu akivuta pumzi ili aseme, kwa kuwa sasa ilikuwa halali kusema. Hakuwahi. Mashua iliinuka kutoka chini, taratibu kwanza, kama mtu anayebeba meza, kisha ikapinduliwa.

Ndani ya maji hakukuwa na juu wala chini. Kulikuwa na kelele nzito mwilini mwangu, kama ngoma iliyopigwa ndani ya mbavu. Nilimeza matope. Kitu kikubwa kikanipita, kikanisukuma bila hata kunigusa, na nikajua kwa yakini kwamba kikirudi nitakufa. Mkono wangu ulikutana na mojawapo ya zile jaketi alizokuwa amezikalia Mama Shiro, na hiyo tu ndiyo sababu leo ninaandika. Yeye mwenyewe alikuwa ameshafika kwenye matete akipiga mayowe kwa Kikuyu, Kiswahili na Kikamba, na wavuvi wa ng'ambo walitujia wakifuata mayowe hayo. Redio ndiyo iliyotuokoa. Sijawahi kusikia mtu akimwita hivyo tena.

Tulipovutwa ufukoni tulijitazama. Mwalimu alikuwepo, hana viatu. Mama Shiro alikuwepo. Kioko hakuwepo.

Sina namna ya kukueleza muda ule. Maji yalikuwa yamerudi kuwa laini, kama hayakufanya kitu. Niliita jina lake mpaka sauti ikakatika, sauti ile ile niliyokuwa nimeibana muda mfupi kabla. Wavuvi walimkuta mwishowe ameshikilia mizizi chini ya ukingo, uso tu uko nje, mguu wake mmoja umevunjwa na kuchanwa kiasi kwamba Mama Shiro alivua leso yake, akaufunika, na hakutaka kuiona tena.

Gari lilipoondoka naye kwenda hospitali, Mwalimu Ndinda alitugeukia.

"Nani aliona?"

Alimtazama Mama Shiro. Macho yake yakaishia kwangu, yakakaa.

"Nimefundisha maisha yangu yote," alisema, wala hakuinua sauti. "Mtoto anayejua jibu na hataki kuinua mkono, mimi humjua. Ile sheria niliiweka ndege wasishtuke. Sikuiweka watu wafe."

Mwalimu ametutoka sasa. Nilimsindikiza hadi kaburini na sikumjibu.

Kioko alilala hospitalini muda mrefu, na mara ya kwanza nilipomtembelea aliniuliza, akiwa ameutazama ukuta, "Wewe ulikuwa na darubini. Hukuona?" Nikasema niliona ndege tu. Akatikisa kichwa, akaniomba maji. Mguu haukupona vizuri. Hakupiga kasia tena. Siku hizi yuko Wamunyu na wachongaji, kwa kuwa ni kazi unayoweza kuifanya umeketi. Anachonga twiga, faru, simba, hata ndege wazuri sana. Kiboko hachongi, hata mzungu abembeleze vipi.

Pengine ningezeeka na uongo wangu kwa raha kama si binti yangu Mutheu. Amefika umri ule wangu wa kupumzika, na kwa bahati mbaya ameirithi darubini. Wiki hii alikuja jikoni akaniambia vijana wenzake wanakwenda Masinga kupanda mashua kuangalia ndege, na yeye ndiye atakaa mbele, kwa sababu macho yake ndiyo makali kuliko ya wote.

Nilimwambia jua ni kali. Nilimwambia maji yamechafuka. Nilimwambia kuna harambee kanisani, na nilikuwa nimeibuni papo hapo.

"Mum," akasema, "kwani uko na shida gani na huo mto?"

Nikaketi. Nikamwambia yote, hadi masikio. Alikuwa akimenya viazi, akaacha.

"Huyo si ni Uncle Kioko wa Wamunyu? Yeye anajua uliona?"

"Hajui."

"Mpigie." Akaniwekea simu yangu mezani, katikati ya maganda. "Ukishamwambia, chenye utasema juu ya hii safari nitasikia. Ukisema nisiende, siendi. Lakini usiniogopeshe na kitu umemficha Uncle Kioko."

Kabla sijakuambia Kioko alijibu nini, acha nikupe nasaha yangu, kwa maana baadaye nitakuwa nimepungukiwa na maneno. Mwanangu, woga si aibu. Nimekuwa mwoga maisha yangu yote na bado nimelipa kodi ya nyumba na kulea mtoto. Kilichonishinda siku ile ni kuona haya. Niliogopa kiboko, lakini niliogopa zaidi kuchekwa, nikatii woga uliokuwa karibu zaidi. Ukiwa na watu, ukaona kitu kinatikisika mahali ambapo hakipaswi kutikisika, iwe ni mtoni, kazini, au katika nyumba ya mtu unayempenda, sema. Usingoje mwenye macho makali kuliko yako. Usingoje mwenyeji. Na usingoje ndege aruke. Ukikosea, watu watakucheka, nawe utarudi nyumbani ukiwa na miguu yako yote, na wao pia.

Nikapiga. Simu ililia kwa muda, na kila ilipolia niliomba asishike. Akashika. Nyuma yake nilisikia tezo zikigonga mbao.

"Profesa! Leo umekumbuka maskini?"

"Kioko," nikasema, "niliyaona masikio."

Tezo yake ikanyamaza. Za wengine ziliendelea. Mutheu alikuwa amesimama mlangoni na kisu mkononi, nami nilimpa mgongo.

"Kabla hajatupindua," nikasema. "Niliyaona vizuri. Nikanyamaza. Niliogopa kuitwa Redio. Nilifikiri wewe ni mtu wa mto, ungejua."

Nilitazama kioo cha simu nione kama bado yupo.

"Hata mimi niliyaona," alisema.

"Nini?"

"Niliyaona, dada. Nilikuwa nimesimama na kasia, ningekosaje? Lakini Mwalimu alikuwa ameinua mkono. Na nyinyi mko na darubini, mmesoma. Nikasema, kama hao wote wanaona na wametulia, mimi ni nani nipige kelele kwa jiwe? Nikaendelea kuwapeleka." Nilimsikia akiweka tezo chini. "Pale hospitalini nilikuuliza nikiomba useme hukuona. Ungesema uliona, ningelazimika kusema na mimi. Na mimi ndiye nilikuwa nimeshika kasia."

Miaka yote hiyo, kila mmoja wetu alikuwa amemkwepa mwenzake kwa sababu ile ile moja.

"Unalia?" akauliza.

"Hapana."

"Uongo tena." Akacheka kidogo, na mimi nikacheka, na kilikuwa kicheko kibaya chenye makamasi. "Sasa niambie. Ni nini imekufanya upige leo?"

Nikamweleza habari ya Mutheu, mashua, na kiti cha mbele. Nikamwuliza, nikiwa na hofu ya majibu yote mawili, kama nimwache aende.

"Mwache aende," Kioko alisema. "Avae jaketi, asiikalie. Na akiona kitu chochote, hata kama ni gogo, hata kama ndege wote watahamia Kitui, apige kelele. Wakimwita Redio, awaambie ni jina la ukoo."

Nikamgeukia Mutheu, nikatikisa kichwa kukubali. Akashusha kisu.

"Yuko hapo?" Kioko akauliza. "Mwekee anisikie."

Nikaweka simu katikati ya maganda ya viazi, sauti wazi.

"Mutheu, mtoto wa dada. Mungu akutangulie kwa maji na kwa nchi kavu, wewe na wenzako wote, akurudishe mzima," akasema. "Na akupe sauti kubwa."