Miluzi ya Mwezini

Naona aibu hata kuanza, na najua mwanzoni mtacheka, chekeni tu, maana hata mimi nilicheka, na ubaya wangu wote uko hapo.

Miaka ile ya vijiji vya ujamaa nilikuwa Muleba nafundisha nyimbo, najiona mtaalamu kweli kweli (kinanda cha kanisa nilikipiga kwa vidole sita). Siku moja likaja gari la sinema na filamu ya kuchekesha, watu wanakwenda mwezini ndani ya kitu kama sufuria, lakini spika zilikuwa zimekufa njiani, ikabaki picha bubu. Nikasema muziki niachieni mimi. Nikakusanya kinanda, mzee mmoja mpiga nanga, kile kinubi cha Wahaya, mwalimu mwenzangu Ishengoma na tarumbeta lake, na kwa sauti za huko angani nikachukua redio yangu ya betri, maana ukizungusha kitufe katikati ya stesheni inatoa miluzi na mikwaruzo ambayo hakuna kinanda kinachoiweza.

Sasa, asubuhi ile Ishengoma alikuwa amekuja kuniaga. Baba yake alikuwa mgonjwa sana kwao Nshambya, na basi la Bukoba lilikuwa linapakia sokoni. Nikamwambia mzee anaumwa tangu Krismasi, siku moja itabadilisha nini, na bila tarumbeta ile sufuria itarukaje? Akalitazama basi, akanitazama, akabaki. Nilifurahi, Mungu anisamehe.

Saa tisa mchana ukumbi wa shule umejaa, madirisha tumeyaziba kwa mablanketi, watu wanacheka mpaka wanafuta machozi. Sufuria ikitikisika Ishengoma anapuliza, mimi nazungusha miluzi yangu. Ndipo bwana mmoja mnene wa kwenye filamu, kule mwezini, akatega sikio kwenye kisanduku chake mfano wa redio, na mimi katika kuzungusha nikaangukia stesheni, sauti ya mtangazaji ikatoka safi kabisa: matangazo ya vifo. Ukumbi mzima ukaangua kicheko, kumbe hata mwezini wanasomewa vifo kama sisi! Nami kwa kupenda sifa, badala ya kuhama pale, nikaongeza sauti.

Ikatajwa Nshambya. Likatajwa jina la mzee, kafariki jana jioni, mazishi leo saa kumi, habari zimfikie mwanawe, Mwalimu Ishengoma, Muleba. Wanafunzi kusikia jina la mwalimu wao wakapiga makofi (walidhani ni ufundi wangu), na mimi nikageuka kumtazama, meno yangu bado yako nje.

Alikuwa ameshusha tarumbeta. Akasema polepole, kwa heshima ya Kihaya, "Zima, waitu."

Nikaipapasa redio, nikashika kitufe kisicho chenyewe, miluzi ikarudi kwa nguvu, watu wakacheka tena. Yeye akalifuta tarumbeta mdomo, akaliweka juu ya kiti, akatoka.

Dereva wa gari la sinema alifunga mitambo yake bila kuombwa, akatupeleka. Njia nzima Ishengoma hakunilaumu, na nilitamani anilaumu. Tulifika jua linazama, kaburi limeshafukiwa pale migombani, wanaume wanaosha majembe. Yeye ndiye mkubwa wa watoto wa kiume; walikuwa wamemsubiri mpaka wakakata tamaa. Akachota udongo kwa mkono, akautupa juu ya udongo, akabaki amesimama hapo na mkono wake mchafu.

Mama yake akaja, akamshika bega. "Ulichelewa wapi, mwanangu? Alikuita mpaka mwisho."

"Nilikosa basi, mama," akasema.

Mimi nilikuwa nyuma yake, hatua mbili tu. Ningeweza kusema. Nilitazama viatu vyangu, na yule mama akanigeukia akanishukuru kwa kumsindikiza mwanawe.

Amekufa akiamini habari ya basi. Ishengoma naye ametangulia, hakuwahi kuitaja siku ile hata mara moja, kwa hiyo leo ninyi ndio wa kwanza kuisikia kwangu. Redio niliigawa. Na tangu hapo mtu akiniambia anataka kwenda kwao, hata chai iwe mezani, nainuka namfungulia mlango.