Kiangazi Nilichoichora Bustani ya Shangazi Sekela

Nakumbuka, mwanangu, kiangazi kimoja nilipoitwa kijijini Kisiba kuchora bustani, nikaichora bila kuiangalia. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili. Kosa lile sijalisimulia kwa watu wengi, maana lilinitia aibu mbele ya mtu aliyekuwa anakufa, na aibu ya namna hiyo huna pa kuipeleka. Lakini juzi ulikaa hapa kwangu, mtaa huu wa Msasani wa Tukuyu, na simu yako, ukitafuta picha za maua ya nchi za watu upate cha kuandikia shairi, ukaniambia kichwa chako hakitoi kitu. Nikaona nisikufiche tena.

Siku hizo nilikuwa najifunza kuandika vibao vya maduka hapa mjini Tukuyu. Nilikuwa na mkono mwepesi. Kila mtu alisema hivyo, nami niliwaamini kupita kiasi. Mlima Rungwe niliuchora bila hata kuinua macho kuutazama. Nilichora pia mawaridi mekundu, yale ya kwenye kalenda, na watu wakayatundika sebuleni mwao. Nikajiona fundi kamili.

Shangazi yangu Sekela, dada mkubwa wa baba yangu, alikuwa ameolewa Kisiba. Wewe hukumkuta. Alikuwa mwanamke mrefu, wa maneno machache, na nyuma ya nyumba yake alikuwa na bustani ambayo watu waliacha njia yao ili wapite kuiona. Usifikirie bustani ya kupangwa kwa kamba. Maua na mboga vilikaa pamoja, waridi kando ya pilipili, mchaichai katikati ya spinachi, na kuzunguka vyote maua ya njano yenye harufu kali, ya kufukuza wadudu. Kila kiangazi, bustani za jirani zilipoanza kupauka, yeye alichota maji kijitoni alfajiri na jioni, ndoo kwa ndoo, na ya kwake ikabaki kijani mpaka mvua ziliporudi.

Mwaka ule akaugua. Hospitali walimweka majuma kadhaa, kisha wakamwambia mumewe amrudishe nyumbani, na mumewe akaelewa. Huyo mumewe tulimwita Baba Tusekile, kwa jina la binti yao wa kwanza, ambaye alikuwa ameolewa mbali. Shangazi akalazwa chumba cha mbele. Hakuweza kukaa, na walipojaribu kumbeba nje maumivu yalimzidi mpaka wakaacha. Dirisha la chumba kile linatazama ukuta wa jiko, hakuna kingine. Basi kila siku akawa anauliza habari za bustani yake, na kila siku Baba Tusekile anamjibu kwamba iko vizuri. Mwisho Shangazi akasema aitwe yule mtoto wa kaka yake anayechora, amchoree aione.

Nilipofika, Baba Tusekile alinipokea njiani, kwenye migomba, kabla sijafika uani. Hakunipeleka kwa mgonjwa. Alinishika mkono tukazunguka nyuma ya nyumba, akanisimamisha pale bustani ilipokuwa.

Ilikuwa imekufa, mwanangu. Spinachi zimekuwa makaratasi. Pilipili zimebaki vijiti. Udongo umepasuka, na upepo ulipopita uliinua vumbi likatuingia machoni. Mzee yule hakuwa mvivu. Alikuwa peke yake, anamwosha mkewe, anamgeuza, anampikia uji, anafua mashuka. Mikono ya kubeba ndoo angeitoa wapi? Akasema kwa sauti ya chini, huku akitazama dirishani, "Mchoree ile ya zamani. Akijua imekauka, hatamaliza wiki."

Nilikubali upesi, na nitakueleza kwa nini. Nilimhurumia, ndiyo. Lakini pia nilifurahi kwamba sitalazimika kukaa juani kutazama vijiti. Bustani ya zamani nilidhani naijua, kwa sababu nilikuwa nimeipita mara nyingi utotoni. Nikajifungia kwenye chumba cha kuwekea mahindi na kipande cha ubao kilichotolewa kwenye sanduku la chai, nikachora. Nilimaliza kabla ya jioni. Mawaridi mekundu kwa safu, nyasi za kijani, njia ya mawe, na njiwa wawili weupe, maana rangi nyeupe ilikuwa imebaki nyingi.

Tulimpelekea pamoja. Shangazi alikuwa amekonda mpaka sikujua niyaweke wapi macho yangu. Baba Tusekile aliusimamisha ubao miguuni pa kitanda. Shangazi akautazama muda mrefu, kisha akaniuliza nilikaa upande gani nilipokuwa nachora. Nikasema karibu na waridi. Akaniuliza waridi lake ni la rangi gani.

"Jekundu, Shangazi."

"Waridi langu ni jeupe," akasema. "Tena mche ni mmoja tu. Hii ni bustani ya nani?"

Nilikuwa nimepita mbele ya waridi lile tangu nikiwa mtoto, na sikujua rangi yake. Baba Tusekile alianza kusema kwamba rangi nyeupe ilikuwa haitoshi, na njiwa wangu wawili wako pale pale ubaoni, weupe pepepe. Akanyamaza mwenyewe.

Shangazi hakunifokea. Aliniambia kesho niende bustanini nikakae kuanzia asubuhi mpaka jua lishuke, bila brashi, kisha kesho kutwa nimletee nilichokiona. "Hata kama ni vumbi," akasema, na akageuza uso ukutani.

Tulipotoka nje, mzee yule alinikamata ukosi wa shati. Alikuwa mlokole wa miaka mingi, sijawahi kumsikia akigombana na mtu, lakini siku ile alikuwa na hasira. Akaniambia nikithubutu kumwonyesha mkewe kaburi la bustani yake, nisikanyage tena nyumbani kwake, hata msibani. Nikabaki kati ya wawili hao. Mmoja ananitaka niseme kweli, mwingine ananiambia kweli itaua. Nilifikiria kurudi Tukuyu usiku uleule. Kilichonizuia si ushujaa. Nilikosa usafiri tu.

Basi asubuhi nikaenda kukaa. Saa za kwanza sikuona kitu, kwa sababu nilikuwa najisikiliza mwenyewe. Nilikuwa na hofu, nilikuwa na hasira, jua linachoma, na moshi wa mashamba yanayochomwa unakera koo. Kila mara nilitaka kuinuka. Kutoka chumbani nilimsikia Shangazi akiugua, halafu kimya, na kimya kile kilinitisha zaidi, nikawa nasubiri mpaka nimsikie tena.

Karibu na saa sita, nadhani nilichoka kuogopa. Macho yakaanza kufanya kazi. Alikuja chozi, yule ndege mdogo wa mdomo uliopinda, akaingia katikati ya vijiti vikavu kama anayejua anakokwenda. Nikamfuata kwa macho. Kumbe kulikuwa na mmea wa boga ulioota wenyewe penye mboga za zamani, nao ulikuwa umetambaa hatua nyingi kuelekea ukuta wa jiko, mahali ambapo Baba Tusekile alimwaga maji ya kuoshea vyombo na ya kumwogeshea mkewe. Ulikuwa na maua matano, yamefunguka. Nikainama. Yale maua ya njano ya kufukuza wadudu yalikuwa yamekauka, lakini vichwa vyake vilijaa mbegu nyembamba nyeusi, zimesimama kama manyoya ya brashi. Nikaenda kwenye mche wa waridi, nikaukwaruza kwa ukucha. Ndani ulikuwa kijani.

Nilikaa mpaka jua likashuka, na sikutaka tena kuondoka.

Siku iliyofuata nilichora tangu kulipopambazuka. Rangi ya udongo sikuwa nayo, nikachanganya nyekundu na nyeusi na njano kidogo, nikaharibu, nikachanganya tena. Mkono wangu mwepesi ulikuwa mzito kama wa mtoto anayejifunza herufi. Nilichora nyufa. Nilichora vijiti vyote, sikufuta hata kimoja. Nilichora boga linavyokwenda jikoni, na mbegu moja moja. Alasiri nikaubeba ubao.

Baba Tusekile alikuwa amesimama mlangoni. Aliutazama. Akaniambia, "Ukiingia na hiyo, umemuua wewe, si ugonjwa." Nikamwambia kwamba mimi nimeshamdanganya mara moja na nimeshindwa kulala kwa siku mbili. Hakusogea. Nami sikurudi nyuma. Sijui tungesimama pale mpaka lini kama sauti isingetoka ndani, ndogo lakini ya mwenye nyumba.

"Mwache aingie, Baba Tusekile."

Akasogea pembeni.

Niliushika ubao mwenyewe, mbele ya macho ya Shangazi. Akautazama. Nilihesabu pumzi zake, na kila pumzi nilidhani ndiyo ya mwisho na kwamba mzee alisema kweli. Baba Tusekile alikuwa amegeukia ukuta, hawezi kuangalia. Halafu Shangazi akatoa mkono ndani ya blanketi, polepole, akagusa pembe ya chini ya ubao.

"Hizi mbegu zimekomaa," akasema. "Mbona hamjazichuma? Upepo huu utazimwaga zote."

Akamgeukia mumewe na kumwambia kwamba alijua siku nyingi. Alikuwa hasikii mtu akibeba ndoo alfajiri, na bustani yake haijawahi kuishi bila ndoo. Kisha akasema maneno ambayo nimetembea nayo mpaka leo: "Kukauka kwake hakukuniumiza. Kilichoniuma ni mlivyoanza kunizika kabla sijafa, mnanificha mambo yangu mwenyewe."

Mzee yule alikaa chini, pale pale sakafuni, akalia. Shangazi alimwekea mkono kichwani. Mimi nikatoka nikaenda kuchuma mbegu, maana nilikuwa nimeagizwa.

Alikaa nasi siku tisa nyingine. Si kwamba alipona, maumivu yalikuwa yaleyale. Lakini aliiendesha bustani yake akiwa kitandani, ubao ukiwa miguuni pake. Alituambia mbegu gani zianikwe kivulini, mche wa waridi ukatwe wapi, jirani yupi apewe nini. Baba Tusekile alikuwa anatoka, anarudi, anampa taarifa ya kweli, hata ikiwa mbaya. Siku moja nilichukua kalamu, na bila kutafuta maneno, nikaandika nyuma ya ubao:

Bustani imekauka, nani wa kuimwagia,
Majani yamepauka, chini yamejilalia,
Boga moja latoroka, jikoni lakimbilia,
Shangazi, hujaondoka, mbegu zinakusikia.

Nilipomsomea, nilipofika kwenye boga linalotoroka akacheka. Kucheka kulimuuma, akashika ubavu, akaniambia nisome tena. Aliposhiba akasema, "Ndaga," yaani ahsante kwa lugha yetu ya nyumbani, basi. Sijawahi kupata sifa kubwa kuliko hiyo, na vibao vyangu vimejaa mji huu.

Alipofariki, Baba Tusekile mwenyewe ndiye aliyeniomba niusome ubeti ule mazishini. Nilipomaliza alinishika mkono mbele ya watu wote, akakaa nao mpaka tulipomaliza kufukia.

Sasa nikuambie nilichojifunza, mwanangu, na ukichukue taratibu. Unaposema huna cha kuandika, mara nyingi unacho, ila hujakaa nacho. Usikimbilie maua ya watu wa mbali kwa sababu ni mekundu zaidi. Toka nje, hata kama jua linachoma. Chagua kipande kimoja cha ardhi, hata kiwe kidogo kama mkeka, ukae mpaka uchoke, na ukishachoka ndipo uanze kuangalia, kwa kuwa saa za mwanzo utakuwa unajiona mwenyewe tu. Jua waridi la nyumbani kwenu ni la rangi gani. Uliza majina ya vitu. Na ukikuta kimekauka, usikipake kijani ili mtu afurahi. Mwambie kikavu ni hiki, na pembeni yake kuna hiki kinachoishi, kisha mwachie mwenyewe aamue atalia au atacheka. Msomaji wako si mgonjwa wa kufichwa. Na hata akiwa mgonjwa, bado hupaswi kumficha.

Na sifa za mkono mwepesi, mwanangu, zipokee kwa adabu, halafu uzisahau kabla hujafika nyumbani.

Nenda na amani. Mungu akujalie macho yasiyo na haraka na moyo usioogopa unachokiona. Akupe watu wa kukuuliza maswali magumu wakati bado una muda wa kurekebisha. Na kazi ya mikono yako, iwe ya kalamu au ya brashi, imfikie aliyelala ndani asiyeweza kutoka, imfungulie dirisha. Amina.